SOMO KWA WALIMU NA WAZAZI: UTULIVU WA DARASA HUTOKA WAPI?



Sisi tunaoandika somo hili ni wanafunzi wa ualimu. Kabla mwalimu mwanafunzi hajaachiwa chaki na ubao, hutakiwa kwanza akae nyuma ya darasa, atazame jinsi walimu wenye uzoefu wanavyofanya kazi, na aandike anayoyaona. Tuligawanywa katika madarasa ya shule ya msingi, kuanzia P.1 hadi P.5. Tulikaa kwenye benchi la mwisho na daftari zetu, tukaandika nani ameongea, nani ametoka, mwalimu amefanya nini, na baada ya hapo darasa likawaje. Jioni tulikutana tukalinganisha maandishi yetu.

Tulikwenda na swali ambalo wazazi wengi hutuuliza: Je, darasa lenye watoto zaidi ya 100 linaweza kutulia bila fimbo? Jibu tulilolipata ni kwamba linaweza, lakini si kwa bahati. Utulivu hautokani na adhabu inayofuata kelele. Hutokana na mambo madogo ambayo mwalimu ameyatengeneza kabla kelele haijaanza. Tena, mara nyingi lile tunaloliita utundu lina sababu yake, na sababu hiyo huonekana mtu akiitafuta.

Tumepanga somo hili kwa sehemu, ili liweze kusomwa nyumbani, katika mkutano wa wazazi, au na wale wanaofundisha watoto siku ya Jumapili, ambao nao wana watoto wengi na benchi chache.

1. DARASA TUNALOLIZUNGUMZIA

Makazi ya Nakivale, yaliyo katika wilaya ya Isingiro, yamepokea wakimbizi tangu mwisho wa miaka ya 1950. Kwa hiyo katika darasa moja hukaa Mkongo, Mrundi, Mnyarwanda, Msomali, na mtoto wa mwenyeji wa hapa Uganda. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mtoto mkimbizi haki ya elimu ya msingi sawa na mtoto wa raia. Hilo ni jambo la kushukuru. Lakini haki hiyo inapoingia darasani inakuta benchi moja lenye watoto watano au sita, kitabu kimoja kinachosomwa na watoto wengi, na mwalimu mmoja.

Kisha kuna lugha. Mtaala wa Uganda ulioanza mwaka 2007 unataka watoto wa P.1 hadi P.3 wafundishwe kwa lugha ya eneo lao, kisha P.4 waanze kuhamia Kiingereza. Hapa kwetu lugha ya eneo ni Runyankore, na watoto wengi walikuja bila kuijua. Mtoto mmoja anasikia Kiswahili, jirani yake Kinyarwanda, wa mbele yake Kisomali. Mwalimu akisema neno moja, linafika kwa baadhi tu.

Tatu, umri. Katika P.3 tulikuta mtoto wa miaka minane amekaa na kijana wa miaka kumi na minne. Vita haikuwauliza wako darasa la ngapi ilipowatoa nyumbani.

Tunaeleza haya ili msomaji ajue kwamba mwalimu wa hapa hafanyi kazi nyepesi. Hata hivyo, katika shule hizi hizi, kwa idadi hiyo hiyo ya watoto, tuliona madarasa yaliyotulia na madarasa yaliyokuwa kama soko. Tofauti ilikuwa wapi?

2. KELELE HUANZA WAPI?

Tulipohesabu katika daftari zetu tulishangaa. Kelele haikuanza sana wakati mwalimu akifundisha. Ilianza katika nafasi zilizo wazi: vitabu vinapogawanywa; mwalimu anapowapa mgongo watoto akiandika ubao mzima; wanaomaliza kunakili wanapokosa la kufanya; watoto wanapopanga mstari mrefu kusahihishiwa; mmoja anapotafuta wembe wa kuchongea penseli; na wengi wanapoomba kwenda chooni kwa pamoja. Na mvua ikinyesha juu ya mabati, hakuna anayemsikia mwalimu hata akipaza sauti.

Msomi mmoja wa Marekani, Jacob Kounin, alichapisha kitabu mwaka 1970 baada ya kurekodi kwa kamera yaliyokuwa yakitokea katika madarasa ya shule za msingi. Alitaka kujua namna nzuri ya kumkemea mtoto ni ipi. Akakuta jambo ambalo hakulitarajia: namna ya kukemea haikuwatenganisha walimu wenye madarasa tulivu na wale wengine. Kilichowatenganisha ni yale waliyoyafanya kabla ya kosa. Walijua kinachoendelea kila upande, walihama kutoka kazi moja hadi nyingine bila kupoteza muda, na hawakuacha watoto wakae bure.

Wazee wetu walisema kinga ni bora kuliko tiba. Sasa tuangalie kinga tulizoziona sisi wenyewe.

3. KINGA TANO TULIZOZIONA

Kwanza: mazoea ya kila siku.

Katika darasa moja la P.2 mwalimu alikuwa na utaratibu usiobadilika. Watoto hupanga mstari nje, huingia benchi kwa benchi, na wakifika wanakuta hesabu tatu fupi zimeandikwa ubaoni. Hakuna anayeuliza, "Mwalimu, tufanye nini?" Wanaanza. Mwalimu anapata dakika chache za kutazama nani hayupo, nani ana macho mekundu, nani hana kalamu.

Mlangoni mwa darasa hilo vimening'inizwa vipande viwili vya mbao. Anayetaka kwenda chooni huchukua kimoja, akirudi hukirudisha. Vyote viwili visipokuwepo, unangoja. Hakuna ruhusa ya kuomba kwa kelele wala kusimamisha somo. Kwa mtoto mwenye haja ya haraka au aliye mgonjwa, mwalimu hufungua njia.

Penseli nazo zina utaratibu. Huchongwa kabla ya kengele, na wembe hukaa kwa mwalimu, hauzunguki katika benchi. Mvua ikianza, watoto wanajua kwamba ni wakati wa kazi ya kimya: kusoma wawili wawili, au kumalizia zoezi la jana. Mwalimu hashindani na mabati.

Mazoea haya hayakuja kwa siku moja. Mwalimu alituambia kwamba wiki mbili za kwanza za muhula huwa anafundisha utaratibu kama anavyofundisha somo: anaonyesha, watoto wanajaribu, wanarudia. Anayedhani anapoteza muda, ahesabu muda unaopotea kila siku kwa kusema "nyamazeni".

Pili: ishara isiyohitaji lugha.

Mwalimu mwingine alikuwa na makofi. Anapiga matatu, watoto wanajibu kwa mawili, kisha mikono juu na midomo kufungwa. Yule aliyefika wiki iliyopita kutoka Kongo na yule aliyefika kutoka Somalia wote wanaelewa, kwa sababu makofi hayana tafsiri. Tuliona pia kwamba mwalimu huyu akishapiga makofi hangojei nusu ya darasa. Anangoja wote wanyamaze ndipo anasema. Anayeanza kusema kabla ya wote kunyamaza anawafundisha kwamba kunyamaza si lazima.

Tunaonya jambo moja. Kuna walimu wanaopiga meza kwa fimbo au kwa rula ili kupata utulivu. Katika madarasa yetu wamo watoto waliosikia risasi. Tulimwona mtoto mmoja akiinama chini ya benchi fimbo ilipogonga meza, na alichukua muda mrefu kabla ya kushika kalamu tena. Mlio wa ghafla unaweza kutuliza watoto 99 na kumrudisha mmoja mahali alipokimbia.

Tatu: maelekezo mafupi, na muda wa kufikiri.

Mwalimu akisema, "Toeni daftari zenu, andikeni tarehe, chora mstari, kisha fanyeni namba ya kwanza hadi ya tano, halafu mkimaliza msome ukurasa wa kumi na mbili," mtoto asiyeijua lugha vizuri hubaki na neno moja: daftari. Anamgeukia jirani kuuliza. Jirani anajibu. Kelele imezaliwa, na watoto wote wawili wataitwa watundu.

Walimu waliofanikiwa walitoa agizo moja kwa wakati mmoja, na walilionyesha kwa mikono. Wanasema "daftari" huku wameinua daftari. Wanangoja. Kisha "tarehe" huku wakiigusa ubaoni. Tena walikuwa na mtoto mmoja katika kila kundi la lugha aliyeruhusiwa kunong'ona tafsiri. Mnong'ono wa namna hiyo si kosa. Ni msaada, na ulikuwa umepangwa na mwalimu mwenyewe.

Kuhusu maswali: mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, aliyefanya kazi yake katika miaka ya 1970, aligundua kwamba walimu wengi wakiuliza swali husubiri kama sekunde moja tu kabla ya kumpa mwingine au kujibu wenyewe. Waliposubiri kufikia sekunde tatu au zaidi, majibu yalikuwa marefu zaidi na watoto waliokuwa kimya wakaanza kujibu. Kama ni hivyo kwa mtoto anayefundishwa kwa lugha yake, yule anayetafsiri kichwani toka Kiingereza kwenda Kiswahili na kurudi anahitaji muda gani? Tujaribu: tuulize, tuhesabu kimoyomoyo moja, mbili, tatu, ndipo tuchague wa kujibu.

Nne: macho na miguu ya mwalimu.

Watoto wa P.4 walituambia kwamba mwalimu wao ana macho mgongoni. Tulimchunguza. Haandiki ubao mzima akiwa amewapa mgongo. Anaandika mstari mmoja, anageuka, anausoma nao, kisha anaandika mwingine. Ameacha njia kati ya benchi, ingawa ni nyembamba, na katika kipindi kimoja hupita hadi nyuma mara kadhaa. Akiona wawili wanaanza kuvutana, hapigi kelele toka mbele. Anatembea huku akiendelea kufundisha, anasimama karibu nao, anagusa daftari kwa kidole, anapita. Wenzao hawakujua kama kulikuwa na jambo.

Tena anawajua kwa majina. Mwanzoni mwa muhula watoto walikata vipande vya boksi, wakaandika majina yao na kuviweka mbele yao kila siku mpaka mwalimu akayashika. Kusema "wewe wa shati jekundu" ni tofauti na kumwita mtoto kwa jina lake. Mtoto mkimbizi amezoea kuwa namba katika orodha. Akiitwa kwa jina mbele ya darasa, hata kama ni kwa kurekebishwa, anajua kwamba anaonekana.

Tano: viongozi wa makundi.

Mwalimu mmoja hawezi kusahihisha daftari 100 katika kipindi kimoja. Darasa likigawanywa katika makundi ya watoto wanane au kumi, kila kundi na kiongozi wake, kazi inakuwa nyepesi: kiongozi anagawa vitabu, anakusanya daftari, anamwonyesha mwenzake aliyekwama.

Jambo hili si geni. Mwaka 1798 huko London kijana aitwaye Joseph Lancaster alianza kufundisha watoto wa maskini, na shule yake ilipokua ikawa mwalimu mmoja ana mamia ya watoto, wakisaidiwa na wanafunzi waliotangulia kujua. Njia hiyo ilienea katika nchi nyingi. Lakini ilikuwa na kasoro ambayo tujihadhari nayo. Lancaster hakupenda viboko, badala yake aliwaaibisha watoto, hata kuwaning'iniza ndani ya kikapu juu ya darasa ili wenzao wawacheke. Aibu nayo ni fimbo, ila haiachi alama kwenye ngozi.

Kwa hiyo kiongozi wa kundi asipewe fimbo, wala asipewe kazi ya kuandika majina ya "wapiga kelele". Tuliona orodha za namna hiyo. Jina la rafiki hufutwa, la adui huandikwa, na wakati mwingine jina hufutwa kwa kipande cha muwa. Uongozi uzunguke kila baada ya wiki mbili, wasichana na wavulana, wenyeji na wageni, ili kila mtoto aonje kutumikia wenzake.

4. KABLA YA KUHUKUMU, TAFUTA SABABU

Hata penye kinga zote tano, atakuwepo mtoto anayesumbua. Tunaleta mifano mitatu, bila kutaja jina la mtu.

Mfano wa kwanza ni kijana wa miaka kumi na minne aliyekuwa katika P.4. Huko Kongo alikuwa amemaliza mwaka wa tano, tena kwa Kifaransa. Hapa aliteremshwa kwa sababu hakujua Kiingereza. Alikuwa akicheka wadogo, akitupa karatasi, na kila mara alisimamishwa nje. Siku moja katika hesabu za kugawanya alipata makosa kumi kati ya kumi. Alichana daftari.

Mwalimu wa darasa hilo alikaa na zile karatasi wakati wa mapumziko. Akagundua kwamba majibu mengi yalikuwa sahihi, ila yameandikwa kwa namna ya Kongo. Mtoto aliyesoma kwa Kifaransa akigawanya 84 kwa 4, huandika 84 upande wa kushoto, huchora mstari wa wima, 4 hukaa kulia, na jibu 21 huwekwa chini ya ile 4. Hapa Uganda 4 hukaa kushoto, 84 chini ya mstari, na jibu huandikwa juu. Aliyesahihisha aliangalia juu, akakuta hakuna kitu, akaweka mkasi.

Iko tofauti nyingine ya namna hiyo. Tatu na nusu huko Kongo huandikwa 3,5 na hapa huandikwa 3.5. Na 1,000 ambayo hapa ni elfu moja, kwa mtoto aliyefundishwa mkato wa Kifaransa inaweza kusomeka kama moja tu. Mtoto hajui kwamba alama zimebadilika. Anachojua ni kwamba huko alikuwa na akili na hapa amekuwa mjinga.

Mwalimu alimwita kijana ubaoni, akamwomba awaonyeshe wenzake namna ya Kongo, kisha yeye akaonyesha namna ya Uganda pembeni yake, na darasa likaona kwamba jibu ni lile lile. Hatusemi kwamba tangu siku hiyo akawa malaika. Lakini aliacha kusimama nje, akapewa kundi la kusaidia katika hesabu, na yeye akaanza kuwauliza wadogo maneno ya Kiingereza. Fikiria kama angepigwa kwa kuchana daftari. Angekuwa na haki ya kuamini kwamba shule si mahali pake, na kijana wa umri huo haoni ugumu wa kuacha na kwenda kulima vibarua.

Mfano wa pili ni msichana wa P.3 aliyechelewa karibu kila siku. Utaratibu wa mahali pengi ni kumfungia mtoto nje au kumpa adhabu ya kufagia, na kwa njia hiyo hupoteza hata somo la pili. Mwalimu wake aliweka benchi moja karibu na mlango kwa ajili ya wanaochelewa: unaingia kimya, unakaa hapo, unaanza kazi, maswali baadaye. Wakati wa mapumziko alimwuliza. Ilikuwa ni maji. Msichana huamka na madumu mawili kwenda bombani, na mstari ni mrefu. Mwalimu alizungumza na mama yake, wakakubaliana maji yachotwe jioni. Mtoto alikuwa anabeba kazi ya nyumba nzima, na uvivu haukuwemo.

Mfano wa tatu ni mtoto aliyelala kila siku baada ya saa tano. Alikuwa hajala tangu jana yake. Kwa mtoto huyu mwalimu peke yake hana dawa, lakini anaweza kufanya mambo mawili: kuweka masomo magumu asubuhi, na kuwaarifu wazazi na viongozi wenye uwezo wa kusaidia. Kumwamsha kwa kumfinya sikio hakumpi chakula.

Tumekuja na kanuni ndogo ambayo tunawapa walimu wenzetu. Kabla ya kumwadhibu mtoto, jiulize maswali manne: Je, ameelewa lugha? Je, anaona ubao na kunisikia? Je, amekula na kulala? Je, kazi niliyompa ni nyepesi mno au nzito mno kwake? Ukijibu yote manne na bado kosa limebaki, sasa zungumza naye juu ya kosa lenyewe.

5. KUHUSU FIMBO

Tunajua hili ndilo lenye ubishi. Tulimsikia mzazi mmoja akisema, "Mwalimu, huyu mtoto nimekuachia, wewe mchape tu." Mwalimu alimjibu, "Mama, asante kwa kuniamini, lakini nikimchapa leo, kesho nitahitaji fimbo kubwa zaidi. Nisaidie kujua kwa nini hafanyi kazi ya nyumbani."

Kwanza, sheria. Sheria ya Watoto ya Uganda, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, inakataza mtu yeyote mwenye mamlaka katika shule kumpa mtoto adhabu ya viboko. Sisi ni wageni tunaoishi chini ya sheria za nchi hii, na sheria hiyo inawalinda watoto wetu pamoja na watoto wa wenyeji. Mzazi hana ruhusa ya kumpa mwalimu kibali ambacho sheria imekinyima.

Pili, matokeo. Hapa hapa Uganda, katika wilaya ya Luwero, shirika la Raising Voices liliandaa mpango wa kuwasaidia walimu, wanafunzi na wazazi kujenga shule isiyo na vipigo. Watafiti waliufuatilia katika shule za msingi 42, nusu zikipewa mpango na nusu zikingoja. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Katika shule zilizongoja, wanafunzi karibu 49 kati ya kila 100 walisema mfanyakazi wa shule aliwafanyia ukatili wa mwili katika wiki iliyotangulia. Katika shule zenye mpango walikuwa 31. Angalieni mambo mawili hapo. Kupiga kunaweza kupunguzwa, tena katika shule za kawaida zenye watoto wengi kama zetu. Lakini hata huko hakukwisha. Kuacha fimbo ni safari, na mwalimu anayeifanya anahitaji kusaidiwa.

Wengine hutukumbusha kwamba samaki mkunje angali mbichi. Ni kweli. Lakini samaki hukunjwa polepole kwa mikono miwili. Anayempiga kwa rungu hamkunji, anamvunja.

Na mtoto akikosea kweli? Hatusemi aachwe. Tuliona adhabu zenye maana. Aliyemwaga maji ya kunywa aliyachota mengine. Aliyeandika kwenye ukuta aliufuta. Waliopigana walikaa na mwalimu wakati wa mapumziko, kila mmoja akaeleza bila kukatizwa, wakapeana mikono na kupewa kazi moja ya kufanya pamoja. Adhabu iendane na kosa, iwe fupi, isimnyime mtoto somo, na ikiisha iishe. Mwalimu asiirudishe kesho mbele ya wenzake.

6. WAZAZI, NINYI MNAWEZA KUFANYA NINI?

Darasa lenye watoto 100 lina nyumba nyingi nyuma yake. Tunaomba haya:

(a) Maji na kuni vitafutwe jioni, ili asubuhi iwe ya shule. Kazi zigawanywe, wavulana nao wabebe madumu.

(b) Penseli ichongwe nyumbani usiku. Mtoto asitumwe shuleni na wembe.

(c) Kama wazazi wa shule yenu wamekubaliana kuchangia uji, usichoke kutoa sehemu yako, hata kama ni unga kidogo au kuni.

(d) Mtoto anapoandikishwa, mweleze mwalimu alisoma wapi, darasa la ngapi, na kwa lugha gani. Kama karatasi za matokeo ya Kongo au Burundi zimebaki, zipeleke.

(e) Kama kijana wako amepita umri na amepoteza miaka mingi, muulize mwalimu mkuu juu ya elimu ya haraka. Ni mpango wa Uganda kwa wenye miaka 10 hadi 18, unaofupisha miaka saba ya shule ya msingi kuwa mitatu. Hauko katika kila shule, lakini kuuliza hakuna gharama.

(f) Usimtishe mtoto kwa jina la mwalimu. Ukisema "nitakupeleka kwa mwalimu akuchape", umemfundisha kuiogopa shule kabla hajafika.

(g) Nenda shuleni siku ambayo hujaitwa. Keti nyuma kwa kipindi kimoja, kwa ruhusa ya mwalimu. Utamheshimu zaidi.

7. NENO LA MWISHO KWA WALIMU WENZETU

Ndugu walimu, tunajua mmechoka. Tuliwaona mkirudi nyumbani na mafurushi ya daftari. Hatukuja kuwahukumu, tulikuja kujifunza, na mazuri yote tuliyoandika hapa tumeyachukua kutoka kwenu. Hakuna hata moja linalohitaji fedha nyingi: vipande viwili vya mbao, makofi, boksi lililokatwa, benchi karibu na mlango, sekunde tatu za kungoja. Chagueni moja mlijaribu kwa wiki mbili, kisha mwongeze la pili. Anayeanza yote Jumatatu atayaacha yote Ijumaa.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika darasa lako, au nyumbani kwako, kelele huanza saa ngapi na katika nafasi gani? Ni kinga ipi ingefaa hapo?

2. Yuko mtoto unayemwita mtundu? Yapitie maswali manne ya sehemu ya nne ukimfikiria yeye. Umegundua nini?

3. Watoto wa mtaa wako huchota maji saa ngapi? Majirani wanaweza kukubaliana nini ili wasichelewe shule?

4. Toa mfano wa kosa moja la mtoto na adhabu inayoendana nalo bila kumpiga wala kumwaibisha.

5. Ni nani kati yetu anayejua Kiingereza au Runyankore na anaweza kuwasaidia watoto waliofika karibuni, walau saa moja kwa wiki?

Tunawatakia wote muhula mwema.